Televisheni ya Mtu Aliyelala

Muuguzi alipomaliza kumgeuza mgonjwa alinawa mikono kwenye beseni, akajifuta kwa upindo wa aproni, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mzee, dawa mnampa, na usafi wake hauna kasoro. Huyu hali kwa sababu hataki. Mtafutieni kitu akitake."

"Kitu gani?" Dobi aliuliza.

"Nyinyi ndio mnaomjua. Mtu hawezi kutazama kabati mchana kutwa akasikia njaa." Alifunga mkoba wake, akashusha sauti ingawa mgonjwa alikuwa macho. "Nikirudi wiki ijayo nikamkuta bado anatema uji, hapa nyumbani hatutakuwa na la kufanya. Na hospitali nako, kwa moyo ule, sitaki kuwadanganya."

Dobi alimsindikiza hadi nje, akamshukuru kwa maneno mengi kuliko kawaida yake. Alikuwa mtu anayejiheshimu. Tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwona na shati lenye kunyanzi, kwa sababu, kama alivyopenda kuwaambia wateja, dobi aliyekunjamana ni tangazo la dobi mwingine.

Chumba chao kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa nyumba na mahali pa kazi. Upande wa dirisha palikuwa na meza ya pasi na jiko la makaa. Upande wa pili palikuwa na kitanda kilichokatwa miguu, ili binti yao aweze kumnyanyua mama bila kuvunjika mgongo. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mgonjwa ubavu mmoja tu wa kulalia, kwani ule mwingine ulikuwa na kidonda. Kwa hiyo alichokiona kila siku ni kabati la nguo za wateja, na juu ya kabati, ukuta. Walikuwa wamejaribu kukigeuza kitanda kielekee dirishani. Moshi wa makaa ulimkohoza hadi wakadhani roho inamtoka, wakakirudisha kilipokuwa.

"Tivii," binti alisema alipomwona baba yake amerudi. Alikuwa msusi, na mikono yake haikutulia hata akiwa ameketi. Sasa ilikuwa inasuka upindo wa shuka. "Baba, umesahau kule ofisini alikokuwa anapiga deki? Ile tivii ya mapokezi?"

Dobi hakuwa amesahau. Miaka yote ile mkewe alikuwa akisafisha sakafu ya jengo zima mara moja, na chini ya televisheni mara tatu. Msimamizi wake alimwuliza siku moja: "Mama, hicho kigae kimekukosea nini?"

Aliinama kando ya kitanda. "Mama watoto, tukuletee televisheni?"

Maneno ya mgonjwa yalikuwa yanatoka polepole, moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ya rangi?" aliuliza.

Binti alicheka mpaka akalia. "Za rangi ndizo zilizobaki duniani, Mama!"

Jioni ile mgonjwa alimeza vijiko vichache vya uji, na hakutema.

*

Fedha waliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kumlipa mkandaji wa viungo vya mgonjwa, ambaye mwenyewe alikuwa amewaambia kwa uungwana kwamba wasimwite tena. Isingetosha televisheni mpya. Wakaenda kwenye duka la vitu vilivyotumika, Dobi akiwa amevaa shati jeupe alilolitia wanga usiku wa kuamkia siku ile.

Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni. Aliwatazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mnaangalia au mnanunua?"

"Tunanunua," alisema Dobi.

"Si kwa ubaya, mzee wangu. Umeme ni ghali. Nikimwashia kila anayepita, nitafunga duka. Naomba nione kama mmejiandaa."

Dobi alitoa bahasha mfukoni mwa shati, akaifungua kidogo, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari. Muuzaji akaridhika, akawasha mbili zilizokuwa zimepangwa sambamba kwenye rafu ya juu. Zilikuwa na ukubwa uleule na zilionyesha mtangazaji yuleyule, mwanamke mwenye koti la kijani.

"Hii ya kushoto ni LCD. Nyepesi, haili umeme, haitoi joto. Ona kijani hicho, utafikiri koti limetoka kufuliwa sasa hivi. Hii ya kulia ni plazma. Nzito, inakula umeme kama mgeni asiyeaga. Lakini weusi wake ni weusi kweli, na mpira ukipita haraka hauachi mkia."

"Hatutazami mpira," alisema binti. "Baba, ya kushoto. Hii nyingine imefifia. Na chumba chetu kina dirisha."

Ilikuwa kweli. Katika mwanga ule wa dukani, LCD iling'aa na plazma ilionekana kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mtu yeyote aliyesimama pale angechagua ya kushoto. Dobi alisimama, akatazama, akasogea kulia, akasogea kushoto, akakunja uso.

"Mtu akiwa amelala je?"

"Kwenye kochi?"

"Kitandani. Kitanda cha chini. Televisheni iko juu ya kabati."

"Iweke sakafuni, mzee."

"Sakafuni ndiko njia ya ndoo na mabeseni. Mimi ni dobi."

"Basi ataona vilevile. Picha ni picha."

Dobi alichuchumaa. Mtangazaji wa LCD akapoteza rangi kidogo. Akapiga goti. Halafu, polepole, kama mtu aliyesikia kitu chini ya sakafu, akajilaza kwa ubavu wa kulia juu ya vigae, kichwa juu ya mkono, shati lake jeupe kwenye vumbi la wateja wa siku nzima.

"Mzee ameanguka!" mlinzi alipiga kelele kutoka mlangoni.

Watu wakaja mbio. Mama mmoja mwenye kikapu akawasukuma wenzake. "Mpeni hewa! Mfungueni kola! Jamani, mpeni hewa!"

"Sijaanguka," alisema Dobi kutoka chini. "Natazama."

"Mzee wangu," muuzaji alisema huku akitabasamu kwa ajili ya wateja wengine, "hii ni televisheni, si godoro. Haijaribiwi kwa kulala."

Walicheka. Mmoja alitoa simu, akampiga picha. Binti alikuwa amekwisha kuondoka. Alisimama mbele ya majokofu, akifungua mlango wa moja na kuufunga, kama mteja aliyekuja peke yake. Wengine wangemlaumu. Lakini aliwasuka wanawake wa mtaa ule, na kesho yake kichwa cha kwanza kitakachokaa mbele yake kingekuwa kimekwisha kusikia habari za baba yake.

Dobi hakujali, au alijikaza asijali. Alichokiona kutoka pale chini kilimsahaulisha watu. Katika LCD uso wa mtangazaji ulikuwa umegeuka mweusi kama sufuria, meno yamekuwa makaa, na lile koti la kijani limekuwa rangi isiyo na jina. Ilikuwa kama ule utepe wa filamu wa kamera za zamani, ambamo cheupe huwa cheusi na nyuso huonekana kama za mizimu. Ndivyo zilivyoundwa televisheni hizo za siku zile: humtendea haki anayezitazama ana kwa ana, na kumgeuka anayezitazama kutoka chini. Katika plazma mwanamke yuleyule alikuwa yuleyule, na tabasamu lake na hereni zake.

"Njoo ulale hapa uone," alimwita bintiye.

"Baba, inuka."

"Njoo uone mama yako atakachokiona."

Binti alitazama watu, akatazama jokofu, akaja. Hakulala, ila alichuchumaa na kuinamisha kichwa mpaka shavu lake likakaribia vigae. Alikaa hivyo kwa muda. Alipoinuka hakuwa tena na haya, alikuwa na hasira.

"Ulisema picha ni picha," alimwambia muuzaji.

"Dada, wateja wangu husimama."

"Tupe ya kulia," alisema Dobi. Aliinuka kwa kushika rafu, akajipangusa, lakini vumbi lile lilikuwa na mafuta, na shati halikurudi kuwa jeupe.

*

Mwenye mkokoteni aliitwa Breki, kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, na alipoinyanyua ile plazma na mlinzi wa duka aliguna.

"Mzee, umenunua tivii au ukuta? Haya, tuisimamishe hapa katikati, mimi nisukume, dada aishikilie."

"Haisimami," alisema Dobi. "Inalazwa."

"Mimi nimebeba vioo, mzee. Kioo cha dirisha husimama."

"Kijana, mimi nimebeba suti za maharusi tangu baba yako hajavaa suruali. Kitu chenye uso hulazwa, uso juu, kikafunikwa. Ukikisimamisha, kinajikunja."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi yake, na katika maisha yake yote haikuwahi kumwangusha. Nguo ikitoka kwenye pasi haisimamishwi wala haining'inizwi ikiwa bado na joto. Hulazwa, hupumzishwa. Alikuwa amekuja na mablanketi manne ya wateja, aliyoyafua siku mbili nyuma. Alitandika mawili juu ya mbao za mkokoteni, akayanyoosha kwa viganja hadi pembe zikawa sawa, wakailaza televisheni chali, akaifunika kwa mawili yaliyobaki na kuyachomeka kando kwa kando. Breki alimtazama, akatikisa kichwa.

"Haya. Mwenye mali ndiye mwenye akili."

Wakaenda. Breki alisukuma, binti alishika nyuma, na Dobi alitembea ubavuni, mkono wake juu ya blanketi. Mitaa ilikuwa imejaa watu. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza kufuli kando ya njia aliona kile kitu kilicholala na kufunikwa, na sura ya Dobi, akavua kofia.

"Poleni sana. Nani aliyetangulia?"

"Hajatangulia mtu!" Breki alijibu. "Ni tivii, na bado nzima!"

Hata Dobi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiharusi, na binti alipomwona akicheka alianza kusema mambo ambayo hawakuwa wakiyasema: kwamba wataomba fundi aweke waya wa antena upande wa mlango, kwamba Mama atakuwa anagombana na watangazaji kama zamani, kwamba huenda akataka kukalishwa. "Akikalishwa na mito," alisema, "anaweza kula mwenyewe kwa mkono wa kulia." Dobi akasema wasiharakishe, lakini hatua zake ndizo zilizoharakisha.

Kwenye mfereji kabla ya nyumba yao gurudumu lilishuka na kupanda. Chini ya mablanketi kulisikika sauti ndogo, kavu, kama ya mtu aliyekanyaga kijiti.

"Nini hicho?" binti aliuliza.

"Gurudumu," alisema Dobi.

Breki alimtazama, akaendelea kusukuma.

*

Mgonjwa alikuwa ameombwa asilale, naye hakulala. Jirani aliyebaki naye alisema mgonjwa aliuliza kila mara, "Imefika?" hadi akamchosha.

"Imefika, Mama!" binti alisema.

Waliiingiza kwa kuisukumiza ubavu mlangoni, wakaiegemeza kwenye kabati ili wapumzike kabla ya kuipandisha. Kwa nje haikuwa na alama yoyote. Dobi alipitisha kiganja juu ya kioo chake, na kiganja kikapita bila kukwama. Akachomeka waya ukutani.

Kwanza ilinguruma. Kisha sauti ya mwanamume ikajaa chumbani, nzito na safi, ikisoma habari za bei za mafuta. Mgonjwa alifungua macho kabisa. Walingoja picha. Kilichokuja ni mstari mmoja wa zambarau, uliokwenda kutoka pembe hadi pembe kama ufa wa ukuta, ukacheza, ukazimika. Sauti iliendelea kusoma.

"Inapata moto," alisema Dobi. "Za zamani huhitaji kupata moto."

Walingoja. Breki, aliyekuwa bado mlangoni akisubiri ujira wake, alikuna shingo. "Mzee, mimi nilisema kioo husimama."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini nilisema."

Dobi alimlipa bila kumtazama, akatoka, akarudi dukani kwa miguu akiwa na lile shati la vumbi. Njiani alitayarisha maneno. Alikuwa mtu wa kusema kwa mpango, na alijua haki yake: aliuziwa kitu kizima, na kilipowashwa hakikuonyesha. Alifika akakuta muuzaji anahesabu rimoti.

"Haionyeshi," alisema.

Muuzaji aliinua kichwa. "Mliilaza?"

Dobi aliitikia kwa kichwa.

"Mzee wangu, plazma hailazwi. Ndani yake ni vioo viwili vyembamba, na uzito wote ni wao. Ukiilaza kwenye njia ya mashimo, inajipasua yenyewe. Hilo kila mtu analijua."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniuliza mtu akilala. Hukuniuliza televisheni ikilala."

"Mke wangu ni mgonjwa," alisema Dobi. Hakuwa amekusudia kulisema. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba anayetaja shida zake dukani hupewa kitu kibovu.

Muuzaji alitoa kalamu sikioni, akaichezea. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mwenye duka juu yake. "Mungu amponye. Lakini kioo kikipasuka hakuna kurudisha. Na kioo kingine bei yake ni televisheni nyingine."

"Na ile ya kushoto? Ningeilipa polepole. Nafua, napiga pasi, hata pazia zenu hizi..."

"Ile imekwisha kwenda. Aliichukua yule mama mwenye kikapu, aliyesema upewe hewa."

Dobi alishukuru. Hakujua anashukuru nini, lakini ndivyo alivyolelewa, kwamba mtu hatoki mahali bila kushukuru. Mlinzi alimfungulia mlango akamwambia, "Leo usianguke tena, mzee," na hakuwa na nia mbaya.

*

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linatua. Binti alikuwa amechomoa waya, kwa sababu ile sauti isiyo na mtu ilikuwa inamtisha. Televisheni waliiacha pale pale sakafuni, imeegemea kabati na uso wake kuelekea kitandani. Kuipandisha juu hakukuwa na maana tena, na kuitoa nje kulihitaji wanaume wawili. Ndoo zilipitishwa juu yake.

"Wamesemaje?" binti alinong'ona.

Dobi alitikisa kichwa. Alivua shati, akalitumbukiza kwenye beseni, akabaki na fulana.

"Mama hajafumba macho tangu uondoke," binti alisema. "Anaitazama tu. Nimemwambia imeharibika, tutampelekea fundi. Sijui kama amenisikia."

Na kweli alikuwa anaitazama. Kwa miezi macho yake yalikuwa yakipita juu ya vitu kama nzi asiyetua. Sasa yalikuwa yametua. Kwa dakika moja, bila akili wala sababu, Dobi alifurahi.

"Unaona nini, mama watoto?"

"Yule mwanamke," alisema mgonjwa.

"Mwanamke gani?"

"Yule. Mdomo umekwenda upande."

Dobi aligeuka. Ndani ya kile kioo cheusi, kwa mwanga wa dirishani, kulikuwa na kitanda cha chini, na juu ya mto kichwa kidogo chenye nywele zilizonyolewa, shavu limeporomoka, jicho moja kubwa kuliko jingine. Picha ilikuwa safi, haikufifia hata kidogo.

Binti ndiye aliyetangulia kuelewa. Alinyakua shuka la mteja juu ya meza ili aifunike.

"Mwache," alisema mama yake. "Anakutazama."

Binti alibaki na shuka mkononi. Hawakujua kama mgonjwa amejitambua au la, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Mwishowe binti aliweka shuka chini, akaenda jikoni pao, yaani pembe ya meza ya pasi, akachukua kikombe cha uji uliokuwa umepoa kiasi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akapeleka kijiko.

"Mama, kidogo tu. Kama jana."

Midomo haikufunguka. Kijiko kiligonga meno, uji ukashuka kidevuni.

"Mpe yule," alisema mgonjwa.

"Mama..."

"Mpe yule. Mimi sitaki."

Dobi alikichukua kikombe kutoka mikononi mwa bintiye. Alipiga magoti sakafuni, kati ya kitanda na kile kioo, akakiziba kwa mgongo wake wote. Akachota kijiko, akakipuliza ingawa hakikuwa cha moto.

Macho ya mkewe yalihangaika, yakapita juu ya bega lake, yakarudi, yakatafuta upenyo chini ya mkono wake.

"Sogea," alimwambia. "Sioni."

Akasogea.